Mlima Meru wakati wa masika: njia ya msituni inapitika kati ya Muungano na Mei Mosi?

BintiKigamboni:

Wakuu habari za jioni, na shikamoo kwa waliotutangulia.

Mimi na mdogo wangu wa kiume, ana miaka 21, tunataka kupanda Mlima Meru. Kazini kwetu ruhusa ni ya kugombania, na nafasi niliyopata ni hiyo kati ya sikukuu ya Muungano, tarehe 26 Aprili, na Mei Mosi. Najua ni masika. Kila ninayemwambia ananijibu "subiri mwezi wa saba", ila mwezi wa saba sina ruhusa, na mdogo wangu atakuwa amesharudi chuoni Mwanza.

Kutembea milimani si kugeni kwetu kabisa. Uluguru tumepanda kutoka Morogoro mjini hadi Morningside, na mwisho wa wiki huwa tunazunguka vilima vya Pugu. Ila Meru ni mlima mkubwa, una wanyama, na hatujawahi kulala juu.

Sihitaji kuambiwa ni kuzuri, picha nimeziona. Nataka hali ya njia yenyewe. Tope likoje mwezi wa nne? Mito inavukika? Mvua ikinyesha mbogo wanakaa wapi? Tuvae nini? Na je, kilele tutakiona au tunakwenda kulipa bure? Mwenye kuijua njia ile kwa miguu yake naomba anisaidie.

Mrombo_Tarakea:

Dada, kama ni lazima iwe masika na pesa ipo, njoo Kilimanjaro kwa njia ya Rongai. Mawingu yanatoka bahari ya Hindi yanagonga upande wa kusini, yanamwaga maji Machame, Umbwe na Marangu, yakifika huku kaskazini yamepungua. Ndiyo maana masika kampuni nyingi zinahamishia wageni wao Rongai. Meru mwezi wa nne mtateseka.

Kiongozi_UsaRiver:

Aliyosema Mrombo kuhusu mawingu ni kweli, lakini dada ameuliza Meru, na Kilimanjaro kwa siku sita si bajeti ya kila mtu. Nijibu Meru.

Mimi naongoza watu mlima huu na ninaishi hapa Usa River, chini yake. Njia inapitika, Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ambamo mlima umo, haiufungi kwa ajili ya masika. Ila Meru ya mwezi wa nne na Meru ya mwezi wa saba ni milima miwili, na ugumu hauko pale watu wanapodhania. Wengi wanauliza kilele tu. Safari ya masika inaamuliwa msituni, kuanzia geti la Momella kwenye mita 1,500 hadi vibanda vya Miriakamba kwenye mita 2,514, na kipande cha juu yake. Ukifika Miriakamba una nguo kavu na nguvu bado ipo, kilele kinazungumzika. Ukifika umelowa mpaka ndani na begi limelowa, safari yako imeishia siku ya kwanza hata kama utatembea siku mbili zaidi.

Tuanze na udongo. Meru ni volkano, ililipuka kidogo mara ya mwisho mwaka 1910, na udongo wa msitu ule ni majivu ya zamani yaliyochanganyika na majani yaliyooza. Kiangazi ni vumbi laini linalopanda hadi magotini. Masika linageuka tope jeusi, na chini ya tope kuna ardhi ngumu, kwa hiyo mguu unazama kidogo halafu unateleza. Hata hivyo tope halijaangusha watu wengi kama mizizi. Mizizi ya mikuyu na mitarakwa imelala juu ya njia, imesuguliwa na miguu ya watu kwa miaka, na ikilowa haishiki soli ya aina yoyote. Usikanyage mzizi. Uvuke, au weka mguu kwenye tope pembeni yake. Nawaambia wageni wangu asubuhi, na mchana wakichoka naona wanaanza kukanyaga mizizi kwa sababu inaonekana misafi kuliko tope. Hapo ndipo kifundo cha mguu kinapoteguka.

Kutoka Momella kuna njia mbili. Ya kusini ni ndefu, inapita maporomoko ya Tululusia na ule mkuyu uliojifunga ukafanya tao juu ya njia. Ya kaskazini ni fupi na kali zaidi. Kiangazi tunapanda ndefu na kushuka fupi. Masika sina kanuni moja. Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo vijito vya upande wa kusini vinajaa, na mimi huwa napandisha watu njia fupi wapate kufika mapema. Tatizo lake ni siku ya kurudi: mteremko ule ukilowa ni mateso ya magoti. Fimbo mbili kila mtu, dada, wala si moja. Uamuzi wa njia mwachieni askari wa hifadhi asubuhi ile pale getini, kwa sababu yeye au mwenzake ameshuka jana na amekiona kijito kwa macho.

Sasa mbogo. Msituni Meru hamtembei peke yenu, kila kundi linakwenda na askari mwenye bunduki, na sababu kubwa ni mbogo. Mvua ikinyesha hawaondoki. Utawakuta kwenye majani ya wazi karibu na Momella, na utawakuta ndani ya msitu wakijikinga kama wewe. Kinachobadilika masika ni kwamba ukungu unawaficha na sauti ya mvua inaficha nyayo zenu wasiwasikie. Mbogo asiyekusikia ukija ndiye wa hatari, kwa sababu mnashtukiana karibu.

Kwa hiyo ombi langu moja, na hili nalishikilia kuliko yote niliyoandika hapa: mkiwa msituni shusheni kofia ya koti la mvua. Najua maji yataingia shingoni. Vaa kofia yenye ukingo, jifunge skafu, lakini masikio yabaki wazi. Matone yakigonga ile kofia ya nailoni husikii kitu kingine chochote, husikii hata askari akiwa hatua tano mbele anakwambia simama. Nimewahi kusimamishwa na askari mmoja kwenye kona ya njia ndefu, mvua ya wastani, ukungu mzito. Aliinua mkono tu, hakusema. Mimi nilisikia pumzi, ile ya kukoroma kwa puani, kisha tawi likavunjika upande wa kushoto. Mgeni wangu wa nyuma alikuwa amevuta kofia hadi kwenye nyusi, akaendelea kutembea mpaka nikamshika begi. Tulisimama pale kimya muda mrefu mpaka dume lile lilipojitoa taratibu likavuka njia mbele yetu, mgongo umejaa tope, unafuka mvuke. Halikutugusa kwa sababu hatukuwa tumelikaribia kuliko pale.

Siafu nao. Masika wanahama, na utawakuta wamekata njia kwa mstari mweusi wenye upana wa kiganja, walinzi wamesimama kingoni vichwa juu. Ingiza suruali ndani ya soksi, ruka mstari, endelea. Usisimame karibu kupiga picha, maana unaowaona kwenye mstari si wote, wengine wamesambaa kwenye majani unayokanyaga.

Ratiba. Mara nyingi asubuhi ni tulivu, mawingu yanaanza kupanda kuanzia saa nne au tano, mvua ya maana inashuka mchana na jioni. Fikeni getini mapema kabisa, kuandikishwa na kusubiri askari kunakula muda. Kundi linaloondoka Momella saa tatu linaweza kufika Miriakamba likiwa limepigwa na manyunyu tu. Linaloondoka saa sita linaogea njiani.

Juu ya Miriakamba sitaandika mengi. Siku ya pili ni ngazi, ngazi za magogo zisizoisha, mnapita Topela Mbogo na Mgongo wa Tembo hadi vibanda vya Saddle kwenye mita 3,570. Huko msitu unapungua, tope linapungua, baridi inaongezeka. Kilele ni mita 4,566, na ukingo wa kwenda huko ni mawe na majivu. Masika inaweza kunyesha mvua ya mawe au theluji usiku, na miamba ya baada ya Rhino Point, kituo cha njiani juu ya Saddle, ikishika barafu askari anarudisha watu. Akisema turudi, hakuna mjadala.

BintiKigamboni:

Kiongozi, asante sana, umenijibu kuliko nilivyouliza. Hilo la kofia sijawahi kulisikia popote.

Naomba kuongeza mawili. Kwanza viatu. Mdogo wangu ana raba nzuri za mazoezi na mimi nina buti za ngozi za mtumba nilizonunua Karume. Rafiki yangu mmoja ananishauri gambuti kwa sababu ya tope. Pili, huyu mdogo wangu kichwa chake kiko kileleni tu. Ukimwambia huenda tusifike ananuna. Nitamwambiaje?

MgumuMwanamke:

Dada wa Kigamboni, la viatu niachie mimi, nimebeba mizigo Kilimanjaro na Meru pia, na sisi wagumu, yaani wapagazi, ndio tunaolijua tope kwa uzito.

Gambuti tunazivaa, nisikudanganye. Chini, kipande cha kwanza chenye tope, ziko sawa. Lakini hazishiki kifundo cha mguu, na kwenye ngazi za kwenda Saddle zitakuchubua visigino na soksi itajikunja kila hatua kumi. Anayevaa gambuti mlimani amezizoea tangu shambani. Wewe vaa hizo buti zako za Karume, ila angalia mambo mawili kabla hujapanda basi. Kunja soli kwa mikono miwili, uone kama gundi inaachia pale vidole vinapokunjika. Buti za mtumba zimekaa sana, gundi inakauka, na tope la masika linaifungua soli yote ikabaki mkononi. Ukiona mwanya hata mdogo, mpelekee fundi azishone uzi kuzunguka pande zote, si kubandika. Pili, zivae Dar es Salaam zikiwa zimelowa. Zimwagie maji, tembea nazo hadi Pugu na kurudi. Buti inayokaa vizuri ikiwa kavu inaweza kukuchubua vibaya ikilowa, na kule itakuwa imelowa.

Raba za mdogo wako abaki nazo za kuvaa kibandani jioni. Njiani hapana, soli yake ni laini mno kwa mizizi ile. Kama mnashukia Moshi kwanza, soko la Memorial lina buti nyingi za mtumba.

Nguo: msipande na jinzi wala fulana za pamba kwa ndani. Pamba ikilowa haikauki, na kule kibandani hakuna moto wa kukaushia. Nguo ya mvua unayoianika Miriakamba usiku, asubuhi unaikuta imelowa vilevile na sasa ni ya baridi. Vaeni jezi za mpira, zile nyepesi, zinakauka mwilini, na juu yake sweta la sufu. Kila mtu awe na seti moja kavu kamili, soksi, suruali, sweta, ambayo haitoki nje ya kibanda hata kama mvua imekatika na jua limewaka. Asubuhi unavua nguo kavu, unaikunja, unaifunga vizuri, unavaa ile iliyolowa ya jana. Soksi ya maji ya baridi saa moja asubuhi inauma, nawaambia kweli, na wengi hapo wanashawishika kuvaa ile kavu. Ukiivaa, jioni huna kitu.

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, msije nayo. Sisi mizigo tunafunga kwenye sandarusi, na ndani yake nguo zinakaa kwenye mfuko mzito wa turubai. Turubai la dukani likatwe na fundi nguo akushonee mfuko wa kukunja mdomo mara tatu. Unatosha, hauvuji. Ile nguo ya kufunika begi inayouzwa na begi haitoshi peke yake, maji yanapita mgongoni.

Na tafadhali, mkichukua mpagazi, mwulizeni kama ana koti la mvua. Masika watu wanajikinga wao na mabegi yao, na mwenye kilo 20 kichwani anapanda na shati. Kabla hamjaondoka getini mtazameni miguuni na mabegani.

Kiongozi_UsaRiver:

Aliyosema dada hapo juu yote nayakubali. La mpagazi hasa. Mimi simruhusu mtu wangu apande bila koti, na mgeni akiuliza hilo getini namheshimu siku hiyo hiyo.

Kuhusu mdogo wako. Usimwambie "huenda tusifike" mkiwa njiani, mwambie Dar es Salaam, tena na ramani mkononi. Karibu na Saddle kuna Meru Ndogo, mita 3,820. Ni kilele kamili, mnapanda jioni ile mliyofika Saddle bila kuamka usiku wa manane, na hakina ule ukingo wa miamba. Mipango ya masika iwe hivi: lengo ni Meru Ndogo, na kilele kikubwa kikikubali ni nyongeza. Kijana akipanda na hesabu hiyo anatembea vizuri. Akipanda na hesabu ya kilele tu, anaharakisha msituni, anafika amechoka, na usiku ule wa kilele anabisha na askari. Nimeshuhudia vijana wenye nguvu kuliko mimi wakilia Rhino Point kwa kurudishwa, na mlima hawakuufurahia hata siku moja kati ya zote walizokuwa juu yake.

Tena mwambie hivi: msitu wa Meru kiangazi hauko hivi. Masika ndevu za miti, zile nyuzi za kijani-kijivu zinazoning'inia matawini, zinajaa maji na kila tone lina mwanga wake asubuhi. Mbega wanakaa chini zaidi, wamejikunyata wawili wawili na manyoya meupe yamelala, hawakukimbii. Maua mekundu yanachanua pembeni mwa vijito. Mvua ikikatika alfajiri, unafungua mlango Miriakamba na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iko mashariki imeshuka theluji hadi chini kuliko utakavyoiona mwezi wa saba, maana masika ndiyo inayoileta. Mimi ningechagua wiki hiyo yenu kwa ajili ya msitu peke yake, na sisemi hivi ili nipate wateja. Chukueni kiongozi yeyote anayetambuliwa na hifadhi.

Mluguru_Kariakoo:

Niongeze kidogo kwa kuwa umetaja Uluguru. Morningside na Meru msilinganishe kwa ajili ya tope tu, tope la Uluguru linaweza kuwa baya zaidi. Tofauti ni kwamba kule ukichoka unageuka, chini kuna mashamba na watu. Meru ukishapita geti unategemea kundi na askari, kundi zima linakwenda kwa mwendo wa aliyechoka. Jizoezeni kutembea polepole bila kusimama, hata saa mbili, na begi lenye uzito kamili.

Ila Kiongozi, mimi nilipanda mwezi wa nne na kilele tulikifikia, anga jeupe kabisa, tukaona jua linachomoza. Usimkatishe tamaa kijana.

Kiongozi_UsaRiver:

Mkuu, hilo linatokea, na sijasema halitokei. Masika si mvua ya siku nzima kila siku, kuna asubuhi safi kuliko za Agosti kwa sababu mvua imeosha vumbi lote hewani. Ninachokataa ni mtu kununua safari kwa kutegemea asubuhi hiyo. Wewe uliipata. Kundi la kesho yake huenda lilikaa Saddle linasikiliza mvua ya mawe kwenye paa.

BintiKigamboni:

Nimekaa na mdogo wangu jana usiku, tumesoma yote pamoja. La Meru Ndogo amelikubali, tena bila kununa. Buti zangu nimezikunja, zina mwanya upande wa kidole kidogo, kesho zinakwenda kwa fundi.

La mwisho: kampuni niliyoongea nayo inatupa siku tatu, kupanda siku mbili, kilele usiku, kushuka hadi getini siku ya tatu. Nyingine inatupa siku nne kwa pesa zaidi kidogo. Kwa masika tofauti hiyo inafaa kulipiwa?

Kiongozi_UsaRiver:

Lipa nne, dada. Kwa ratiba ya siku tatu mnatoka kileleni na kushuka hadi Momella siku hiyo hiyo, zaidi ya mita 3,000 za mteremko, na zile za mwisho ni ile mizizi niliyoisema, mchana wa mvua, miguu imeshakwisha. Kwa siku nne mnalala tena Miriakamba, mnashuka msituni asubuhi ya nne wakati njia bado tulivu na mbogo wanaonekana kwa mbali.

Mkitoka Dar es Salaam tarehe 26 kwa basi la alfajiri mnalala Usa River, tarehe 27 saa mbili mko getini, tarehe 30 mchana mmeshuka, Mei Mosi mnarudi nyumbani. Siku zinatosha. Mwambie kiongozi wenu atakayewapokea awaulizie mapema kama barabara ya kwenda Momella imekatika, maana masika kuna vipande vyake vinavyotaka gari la magurudumu manne.

MgumuMwanamke:

Na mchukue soksi jozi moja zaidi ya mnazodhani zinatosha. Ukirudi tuambie tope lilikuwaje, kuna wengine watauliza mwakani.